Barua ya Wazi kwa Wachapishaji na Wauza Vitabu: Maisha Yangu Mmeyauza, Kitabu Changu Je?

Kwa: Wakurugenzi wa nyumba za uchapishaji, wakuu wa idara za masoko, na wasimamizi wa maduka ya vitabu, yenye rafu na ya mtandaoni

YAH: MATUMIZI YA ASILI NA MAISHA YA MWANDISHI KATIKA KUUZA VITABU

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeimaliza. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza nilimpelekea mhariri wangu, akanijibu kwa upole kwamba maneno ya jalada hayamo katika mamlaka yake. Ya pili ilikwenda kwa mkuu wa masoko wa nyumba iliyonichapisha. Hadi leo ni kimya. Ya tatu niliipeleka ngazi ya juu kabisa, nikarudishiwa mistari miwili. Wa kwanza ulinishukuru kwa maoni yangu. Wa pili ulisema: "Wasomaji ndio wanaotaka kujua mwandishi ni nani."

Mstari huo wa pili nimeutafakari kwa miezi. Nusu yake ni kweli, na sitaikana. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonitoa nje, kwa sababu walionijibu hawako peke yao. Waandishi wenzangu niliozungumza nao, kila mmoja na mchapishaji wake, wamejibiwa karibu maneno yaleyale. Ndiyo maana siitaji nyumba yangu kwa jina. Shauri hili ni la kwenu nyote.

Nianze na kisa changu ili mjue ninayaongelea yapi. Riwaya yangu inamhusu fundi saa anayeletewa saa ya mkononi aitengeneze, halafu anagundua kwamba mwenye saa hiyo alizikwa kabla ya siku iliyoandikwa kwenye risiti. Ni hadithi ya fumbo. Ina gurudumu dogo lililovunjika jino moja, ina mke anayesema uongo vizuri, na ina fundi asiyejua kunyamaza. Mimi, kwa upande wangu, nililelewa katika kituo cha watoto yatima. Sioni haya kulisema, na hapa nalisema kwa hiari yangu. Ila ndani ya riwaya ile hakuna yatima, hakuna kituo, wala hakuna mtoto.

Jalada la nyuma lina mistari 14. Nimeihesabu zaidi ya mara moja. Mistari 11 inasimulia utoto wangu. Mitatu inaongelea kitabu, na mmoja kati ya hiyo mitatu unasema ni kitabu "kinachogusa moyo", maneno ambayo yangeweza kubandikwa hata kwenye kitabu cha hesabu.

Siku moja nilisimama nyuma ya meza kwenye tamasha la vitabu. Mzee mmoja alichukua nakala. Mbele hakuitazama, akaigeuza. Kidole chake cha shahada kikashuka mstari kwa mstari hadi kikasimama kwenye neno "yatima". Akainua macho akaniangalia, akaiangalia picha yangu, akaniangalia tena. "Pole sana," akaniambia, na nina hakika alimaanisha. Kisha akakirudisha kitabu mezani kwa mikono miwili, polepole, kama anarudisha kitu cha watu wenye msiba. Hakukifungua. Alisogea meza ya pili, akafungua riwaya ya upelelezi ya mtu mwingine, akasoma ukurasa wa kwanza hapohapo amesimama, akailipia.

Alasiri ileile binti mmoja alinunua nakala mbili bila hata kuuliza, moja yake na moja ya dada yake, kwa kuwa wote wawili walilelewa kituoni. Huyo mngemhesabu kuwa ushindi. Wiki chache baadaye aliniandikia: "Nilikutafuta hadi ukurasa wa mwisho, sikukuona." Kumjibu kulinichukua siku nne. Yule mzee alinyimwa kitabu ambacho pengine angekipenda, na binti huyu aliuziwa kitabu ambacho hakikuwemo ndani ya jalada lile. Fedha zake mlizipata; mimi nikabaki na barua yake.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mnaijua nguvu ya jina, kisha lawama mnamtwika msomaji

Kwamba asili ya mwandishi huingia katika uamuzi wa kununua, hilo sibishani nalo. Huingia, tena sana. Aprili 2013 ilitoka Uingereza riwaya ya upelelezi iitwayo The Cuckoo's Calling, ya mtu aliyejiita Robert Galbraith. Wahakiki waliisifu. Hadi Julai, nakala za jalada gumu zilizokuwa zimeuzwa huko zilikuwa kama 1,500. Mwezi huo ikafichuka kwamba Galbraith ni J.K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, na kitabu kikapaa hadi kileleni mwa orodha za mauzo. Hakuna nukta wala mkato uliobadilishwa ndani yake. Na liko jambo ambalo watu hulipita wakisimulia kisa hiki: hata huyo Galbraith alitungiwa maisha. Wasomaji waliambiwa ni mtu aliyewahi kuwa polisi wa jeshi, kisha akaingia katika kazi za ulinzi. Yaani hata pale mwandishi alipotaka kujificha, ilionekana riwaya ya upelelezi haiwezi kuingia sokoni bila kusindikizwa na maisha yanayofanana nayo.

Miaka 30 kabla ya hapo, Doris Lessing, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alikuwa amelipima jambo hili kwa makusudi. Alipeleka mswada kwa jina la Jane Somers, mtu asiyejulikana na yeyote. Jonathan Cape, wachapishaji wake wa miaka mingi kule London, waliukataa. Kitabu kikachapishwa kwingine mwaka 1983, kikapita bila kishindo, na mwaka uliofuata akajitokeza na kusema ni yeye. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi dhidi ya wasomaji. Mimi nakisoma tofauti. Mswada ule ulipokataliwa mara ya kwanza, hakuna msomaji aliyekuwa ameuona. Waliopima jina walikuwa watu wa ofisini, watu wa kazi hii, tena waliokuwa wakiujua mkono wa Lessing kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mnaposema "wasomaji ndio wanaotaka", nawaomba mkumbuke kwamba msomaji ndiye wa mwisho katika mnyororo huu. Anachagua kutoka katika kile kilichobaki baada ya ninyi kuchagua, na anakichagua kwa kuangalia kile mlichomwonyesha.

2. Jinsia ya mwandishi, na bei mnayoipanga wenyewe

Kiswahili kina ukarimu ambao huwa tunausahau. Nikisema "ameandika", hujui kama ni mwanamume au mwanamke, na sentensi haikudai ujue. Wasomaji wa Kiingereza wa mwaka 1847 hawakuwa na bahati hiyo. Jane Eyre ilipotoka kwa jina la Currer Bell, wahakiki walihangaika kukisia kama Bell ni bwana au bibi, na hukumu zao zikaegemea upande waliokisia. Charlotte Brontë, aliyekuwa nyuma ya jina hilo la Currer Bell, alieleza baadaye kwamba yeye na wadogo zake walichagua majina hayo kwa kuhofu kuwa waandishi wanawake hutazamwa kwa upendeleo mbaya. Wala jina hilo la kujifunika peke yake halikuwa dawa: mashairi yao waliyoyatoa mwaka 1846 kwa jina hilohilo la Bell yalikuwa yameuza nakala mbili tu mwaka mmoja baadaye. Miaka 150 imepita, na mwaka 1997 wachapishaji wa Rowling wakamshauri atumie herufi za mwanzo, wakichelea kwamba wavulana hawatashika kitabu chenye jina la kike. Herufi ya pili aliiazima kwa bibi yake, maana yeye hakuwa na jina la kati.

Je, hofu hiyo ina msingi? Unao. Mary Ann Sieghart, mwandishi wa habari wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2021, alitumia takwimu za Uingereza za Nielsen, kampuni inayofuatilia mauzo ya vitabu. Kwa waandishi wanawake 10 waliouza zaidi, wanaume walikuwa asilimia 19 tu ya wasomaji. Kwa waandishi wanaume 10 waliouza zaidi, wasomaji walikaribia kugawana sawa: asilimia 55 wanaume, 45 wanawake. Wanawake wanasoma pande zote mbili. Wanaume wengi wanasoma upande mmoja. Hilo ni la wasomaji, na sisi wasomaji tulibebe.

Lakini bei ni ya nani? Watafiti wawili wa Marekani, Dana Weinberg na Adam Kapelner, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa vitabu zaidi ya milioni mbili vilivyotoka kati ya 2002 na 2012. Katika nyumba za uchapishaji, vitabu vya wanawake vilikuwa na bei ya chini kwa wastani wa asilimia 45. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na aina za vitabu ambazo wanawake wamejaa na ambazo huuzwa kwa bei ndogo, lakini hata ndani ya aina moja pengo halikwisha. Kwa waandishi waliojichapishia wenyewe, pengo lilikuwa asilimia 7. Msomaji hapangi bei inayochapwa nyuma ya kitabu. Amekuta imeshapangwa.

3. Rafu ya asili

Hili nitalipitia upesi, kwa kuwa mnalijua. Mwandishi wa jamii fulani akiandika hadithi ya mapenzi, inawekwa kwenye rafu ya jamii yake. Akiandika hadithi ya mauaji, rafu ileile. Akiandika juu ya safari za anga, ileile. Mtu anayependa hadithi za anga hatafika kwenye rafu hiyo maishani, halafu takwimu zinasomwa mwisho wa mwaka na inasemekana mwandishi yule "hana soko nje ya watu wake". Kwenye maduka ya mtandaoni hali ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba rafu haionekani: kitabu kinapewa alama ya asili ya mwandishi, na programu ya mapendekezo inakizungusha kwa watu walewale.

Na wengi hata hiyo rafu hawaifikii. Desemba 2020, The New York Times ilichapisha uchambuzi wa riwaya 7,124 zilizotolewa na nyumba kubwa za Marekani kati ya 1950 na 2018, ambazo rangi ya waandishi wake iliweza kutambuliwa. Asilimia 95 ziliandikwa na Wazungu. Msomaji wa miaka hiyo ungemuuliza kwa nini hanunui vitabu vya waandishi wengine, angeshangaa swali. Vitabu vipi?

4. Mnachanganya ushahidi na ubunifu, na mchanganyiko huo unazaa waongo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na naomba mnivumilie nikae kidogo.

Mimi pia hununua vitabu kwa kuangalia mwandishi ni nani. Nikitafuta kitabu cha maradhi ya moyo, nataka kujua kama aliyekiandika amewahi kumtibu mgonjwa. Nikisoma kumbukumbu za mtu aliyefungwa, nataka awe amefungwa kweli. Katika vitabu hivyo maisha ya mwandishi ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Ukiyatoa, kinabaki kitabu kingine. Riwaya ina ahadi tofauti kabisa. Riwaya inaniambia: haya hayakutokea, kaa usikilize. Fundi saa wangu hahitaji mimi niwe fundi saa. Anahitaji mkono wake usitetemeke anapoinua kioo cha saa ya marehemu, na msomaji auone usipotetemeka, aogope.

Ninyi mmezichukua ahadi hizi mbili mkazitia kwenye chungu kimoja. Riwaya mnaiuza kwa maisha ya mwandishi kana kwamba ni ushahidi. Kumbukumbu mnaziuza kwa utamu wake kana kwamba ni riwaya, bila kuuliza kama ni kweli. Matokeo tumeyaona.

Mwaka 1976 kilitoka Marekani The Education of Little Tree, kikitangazwa kuwa kumbukumbu za yatima aliyelelewa na babu na bibi zake wa Cherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mwandishi alijiita Forrest Carter. Jina lake la kweli lilikuwa Asa Earl Carter, mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na mwandishi wa hotuba za ubaguzi za George Wallace, gavana wa jimbo la Alabama. Ukweli huo ulikuwa umeshaandikwa gazetini mwaka uleule kilipotoka. Hata hivyo, mwaka 1991 kitabu kilikuwa kileleni mwa orodha ya New York Times ya vitabu visivyo vya kubuni, na ndipo tu, baada ya mambo kuanikwa upya, kikahamishiwa kwenye orodha ya vile vya kubuni. Mimi niliyelelewa kituoni nilikisoma nikiwa sijui lolote, nikalia. Nilipoujua ukweli nilikaa muda mrefu nikijiuliza machozi yale yalikuwa ya nani. Sijapata jibu linaloniridhisha.

Mmarekani James Frey alidai katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2003 kwamba alikaa jela siku 87. Januari 2006 ikabainika zilikuwa saa chache. Mchapishaji wake akatangaza kuwarudishia fedha wanunuzi waliotaka. Lilikuwa jambo sahihi, na kwa kulifanya alikiri kitu kikubwa: kwamba maisha ya mwandishi yalikuwa ndani ya bei. Kama yamo ndani ya bei, basi yakaguliwe kabla ya kuuzwa, kama bidhaa nyingine yoyote inavyokaguliwa.

Na panapolipa, watu watakuja. Hispania kulikuwa na mwandishi wa riwaya za kutisha aliyetambulishwa kuwa Carmen Mola, mwanamke, mwalimu wa chuo, mama wa watoto watatu. Oktoba 2021, kwenye sherehe ya Planeta, tuzo ya riwaya yenye donge la euro milioni moja, waliopanda jukwaani kulipokea walikuwa wanaume watatu. Marekani, mwaka 2015, mshairi Mzungu Michael Derrick Hudson aliingia katika mkusanyiko wa mashairi bora ya mwaka kwa jina la Yi-Fen Chou. Alieleza kwamba shairi lilikataliwa mara 40 kwa jina lake na mara 9 kwa jina la Kichina kabla ya kukubaliwa. Nawalaumu, bila kumung'unya maneno: mtu aliyechukua jina la watu walionyimwa nafasi ili ajipatie nafasi amewaibia mara ya pili. Lakini wezi huenda palipo na duka, na duka hilo mmelifungua ninyi.

5. Mwandishi asiyetaka kuonekana

Mwandishi wa riwaya wa Italia anayetumia jina la Elena Ferrante ameandika tangu mwaka 1992 bila kuonyesha uso wake, na nakala zake zimeuzwa kwa mamilioni katika lugha nyingi. Oktoba 2016 mwandishi wa habari mmoja alipekua malipo na kumbukumbu za umiliki wa nyumba ili amtaje jina hadharani. Haikuwa kesi ya jinai. Lilikuwa kosa la kuandika vizuri na kutaka kunyamaza. Nalitaja kwa sababu kila mwandishi mchanga mnayemwambia "bila uso hutauzika" anastahili kujua kwamba hilo si sheria ya maumbile.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, maana majibu yenu nimeshayapokea au yamewafikia wenzangu.

Mtasema msomaji ana haki ya kujua. Anayo. Sijasema wasifu ufutwe. Nasema uhamie ukurasa wa mwisho wa kitabu, mahali ambapo mtu huufikia baada ya kukutana na kazi yenyewe. Pale hata mimi nitaandika kwa furaha kwamba nililelewa kituoni, na nitawataja walezi walionifundisha kusoma.

Mtasema soko ni gumu. Ni gumu kweli, na sisi waandishi tunalijua kupitia mrabaha unaotufikia. Ila muda ambao afisa wenu alitumia kunihoji utoto wangu, dakika 50 kwa simu, hakutumia hata kumi kuniuliza habari za fundi saa. Nilimuuliza mwishoni kama amekisoma kitabu. Alisema ataanza wikiendi ile.

Mtasema nilisaini. Ndiyo, mkataba una kifungu kinachowapa ninyi neno la mwisho juu ya jalada na matangazo. Nilikisaini kama anavyosaini mtu aliyesubiri miaka sita kuitwa. Mnajua hivyo.

Jibu zito zaidi ni la nne, na limesemwa na watu ninaowaheshimu: kwamba kuificha asili ya mwandishi kutawaumiza hasa wale ambao jamii zao hazijawahi kuonekana vitabuni, na kwamba kuna msomaji kijana anayehitaji kuliona jina linalofanana na lake kwenye jalada. Hili nalikubali kwa moyo wote. Binti yule wa nakala mbili alikuwa msomaji wa aina hiyo, na kiu yake haikuwa kosa. Kwa hiyo sikilizeni ninachoomba: jina libaki, picha ibaki ikiwa mwandishi anaitaka, na mwandishi anayetaka asili yake iwe mbele aiweke mbele kwa fahari. Ninachokataa ni asili hiyo kukamata nafasi ya kitabu bila idhini ya mwenyewe.

Tena, aliyesahaulika hatendewi haki kwa kutangazwa maisha yake. Anatendewa haki kwa kuchapwa na kusambazwa. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Hadi anapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 alikuwa na riwaya kumi, na ya kumi, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, ilikuwa haijachapishwa Marekani. Ilitoka huko 2022. Paradise ya mwaka 1994 ilitufikia kwa Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, mwaka huohuo wa 2022, ikiitwa Peponi. Asili yake haikubadilika siku ilipotangazwa tuzo. Alikuwa Mzanzibari juzi na jana yake. Kilichobadilika ni idadi ya nakala mlizoamua kuchapa.

Baada ya hayo, ninachoomba ni hiki.

Maneno ya jalada na ya ukurasa wa mauzo mtandaoni yasichapwe kabla mwandishi hajayasoma na kuyakubali kwa maandishi. Hili ndilo kubwa, na halina gharama.

Jalada la nyuma la riwaya liongelee riwaya. Kwenye maduka ya mtandaoni, ukurasa wa kwanza wa kitabu uonekane kabla ya wasifu.

Msomaji wenu wa kwanza wa miswada apewe miswada isiyo na jina wala barua ya kujitambulisha. Hatua zinazofuata fanyeni mtakavyo, lakini ile ya kwanza iwe ya maandishi matupu.

Riwaya iwekwe kwenye rafu ya aina yake. Mkitaka na rafu ya pili ya asili, ongezeni nakala, msihamishe.

Kitabu kinachouzwa kama kumbukumbu za kweli kikaguliwe, na mkaguzi awe mtu mwingine mbali na anayekitangaza.

Na kwa wale walionichapisha, ambao wanajijua: mmeniarifu kwamba toleo la pili liko njiani. Naomba jalada la nyuma libadilishwe. Nimewatumia leo, kwa anwani mliyonipa, mistari 14 mipya niliyoiandika mwenyewe. Mmoja, wa mwisho, ni wangu: unataja nimezaliwa lini na kwamba hiki ni kitabu changu cha kwanza. Kumi na mitatu ni ya fundi. Wa kwanza unaanza hivi: "Saa ililetwa kwa fundi siku tatu baada ya mwenyewe kuzikwa, na ilikuwa bado inatembea."

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi ya vitabu,

Mwandishi wa riwaya ya fundi saa